Mashini ya Kupasula Kuni na Shauri la Kweli



Mimi ni fundi wa mashini, nimezeekea mu kazi ya moteri karibu na migodi ya Likasi. Basi, mama wa parokia walipotaka kununua mashini ya kupasula kuni za furu yao ya mikate, waliniita niwape shauri. Vijana walikuwa wanapasula kwa shoka, na miti ya miombo ni migumu, mikono yao ilijaa malengelenge.

Kulikuwa aina mbili. Ya kwanza inafungwa nyuma ya trakteri: chuma kinachozunguka mara 540 kwa dakika kinaendesha pompi, pompi inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma kabari ndani ya gogo. Haina moteri yake, basi hakuna moteri ya pili ya kutunza. Aina nyingine iko na moteri yake ndogo ya esanse na magurudumu mawili.

Nilisema: «Chukueni ya trakteri. Iko na nguvu, na trakteri munayo tayari.» Maneno hayo hayakuwa uongo. Lakini kuna kitu nilificha: shofere wa trakteri ile ni mutoto wangu, na analipwa kwa siku. Kuni kila juma, franga kila juma.

Mama mutunza sanduku, ambaye hajui moteri, akauliza: «Papa, mwezi wa 11, trakteri ikienda kulima, nani atapasula kuni? Mikate ndiyo inalipa masomo ya bayatima wetu.»

Nilinyamaza. Nilijua vizuri kwamba trakteri kubwa ikikaa kutwa nzima kusukuma kabari, inakula mazutu bule. Na siku inaharibika, shamba na furu vinalala pamoja.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nilirudi, nikawaambia yote, hata neno la mutoto wangu. Nilisikia haya sana. Mama yule akasema tu: «Aksanti, papa. Sasa tunaweza kuchagua.» Wakanunua ile yenye moteri yake. Mutoto wangu alinikasirikia hadi Pasaka.

Vijana, mukitaka kuchagua mashini, angalieni kwanza kazi yenu. Mwenye magogo makubwa na trakteri inayokaa bule siku nyingi, achukue ya trakteri. Mwenye kazi ndogo ya kila juma, achukue ya moteri yake. Kwa zote mbili, mutu mumoja tu aweke gogo na aendeshe mashini. Wakiwa wawili, mumoja anasukuma kabari wakati mukono wa mwenzake ungali pale. Pasuleni wakati wa kiangazi, kuni zikauke mbele ya mvua.

Na siku watu wanakuomba shauri, sema kwanza faida yako iko wapi. Nyuma ya pale, sema habari ya moteri.