Eti Haiumi

Watoto wetu wanaanza kudanganywa wakiwa na siku moja au mbili tu duniani. Sindano ya kifua kikuu inaingia begani, mtoto analia hadi sauti inakatika, na wote tuliopo, nesi, bibi, mama, tunaitikia kama kwaya: "Haiumi, haiumi, imeisha."

Kazi yangu ya habari imenipeleka kwenye zahanati nyingi za Dodoma. Ukimuuliza mama anayetoka kliniki kama ameridhika na huduma, atakwambia ndiyo. Chanjo ilikuwepo, foleni ilisogea, nesi hakufoka. Kwa mwanamke aliyetembea juani huko Bahi au Chamwino akiwa na mtoto mgongoni, hayo si mambo madogo. Ila madodoso yote niliyowahi kuyaona hayana swali kuhusu maumivu ya mtoto. Kadi ya kliniki ina nafasi ya uzito na ya tarehe. Kilio hakina kisanduku.

Mwanangu alipofikisha wiki ya 14, zamu ya sindano kadhaa kwa siku moja, nilimwambia nesi: "Sista, naomba nimnyonyeshe wakati unamchoma."

"Atapaliwa huyo, mama. Mlaze hapo, mshike miguu."

Nikamweleza taratibu kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri juu ya jambo hili mwaka 2015. Mtoto anyonye muda mfupi kabla ya sindano au wakati wa sindano. Apakatwe, asilazwe chali. Inayouma zaidi iwe ya mwisho. Nesi asivute bomba kutafuta damu kabla ya kusukuma dawa. Na maneno ya uongo kama "haiumi" yaachwe. Nyonyo, mapaja ya mama na mpangilio wa sindano: hakuna hata kimoja kinachosubiri bajeti ya Bunge.

Nesi aliangalia foleni, akaniangalia mimi, akasukuma kigoda kwa mguu. "Haya, kaa."

Alilia. Na mimi nisikudanganye. Sindano ya mwisho ilimfanya aachie ziwa na kupiga yowe. Kisha akalitafuta tena, akanyonya huku akikwikwi, akatulia kabla sijamaliza kumfunika. Mama aliyefuata, bila kuambiwa na mtu, aliketi kwenye kile kigoda.

Nyumbani mama mkwe alinisikiliza, akacheka. "Afadhali alie yeye leo kuliko tulie sisi kesho." Yeye ameona surua ikipita kijijini, anajua anachosema. Simpingi. Ninachouliza ni kwa nini tuchague. Mtoto anaweza kukingwa na akapunguziwa maumivu, vyote kwa mkupuo mmoja.

Usidhani huu ni uzembe wa zahanati zetu peke yake. Hadi miaka ya 1980, Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu, kwa imani kwamba neva zao bado changa. Mwaka 1987 daktari K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet: watoto njiti waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walipata matatizo machache baada ya upasuaji. Yaani wataalamu walihitaji utafiti kuamini kile ambacho kilio kilikuwa kinasema.

Sisi tunakisikia kilio, tatizo ni kwamba tumekizoea. Na mama anayetoka na mtoto anayetetemeka anasema ameridhika, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba angeweza kuomba zaidi. Mwingine haulizwi kabisa. Anarudi nyumbani na hofu yake, na siku ya kliniki inayofuata anapata sababu ya kutokwenda.

Akifikisha miezi tisa, mwanangu ana zamu ya surua na rubela. Atakuwa ameanza kuelewa maneno mawili matatu. "Nimekushika" ataijua. Ile nyingine hatujaifundisha nyumbani kwetu.