Kuuliza, Kuomba, Kulazimisha



Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi peke yao: kuzima na kuwasha upya seva ya programu. Seva ya parokia yetu mnaifahamu ingawa wengi hamjaiona. Ndiyo inayotunza kumbukumbu za ubatizo, kipaimara na ndoa, na ndiyo anayoisubiri katibu wetu kila mnapofika dirishani kuomba cheti. Inaendeshwa kwa Tomcat, programu ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliikabidhi kwa Apache Software Foundation mwaka 1999 na ambayo ingali ikitumika pande zote za dunia. Hakuna picha wala vitufe vya kubofya. Tunazungumza nayo kwa kuandika amri, mstari baada ya mstari.

Hutokea siku ikaganda. Mwaka huu iliganda asubuhi moja ya Ijumaa, wachumba wawili wakisubiri vyeti vyao, na katibu akiwa katikati ya kuingiza majina ya watoto waliobatizwa. Kurasa hazikufunguka. Waliokuwapo wakatuambia kwa sauti moja: “Padre, izime tu!”

Lakini kuna namna nyingi za kuzima. Katika mfumo wa Linux, amri ya kuipelekea programu ishara huitwa kill, maana yake “ua”. Jina hilo linatisha kuliko kazi yenyewe, kwa kuwa si kila ishara huua. Tatu kati yake zinatufaa leo.

Ishara namba 9 ni ya kulazimisha. Mfumo huikata programu papo hapo, wala programu haiwezi kuikataa au kuomba muda. Kazi iliyokuwa mkononi hupotea. Hifadhidata iliyoundwa vizuri hufuta muamala uliokatika katikati ili kumbukumbu isibaki nusu. Hata hivyo, aliyekuwa akiandika hana budi kuanza upya, na faili iliyokuwa ikiandikwa yaweza kuharibika.

Ishara namba 15 ni ya kuomba. Programu husikia kwamba inatakiwa kuondoka, ikapata nafasi ya kufunga mlango, kuachia mawasiliano na hifadhidata, na kutoka kwa utaratibu. Ndiyo njia ya kawaida ya amri ya systemctl restart: huomba kwanza, na isipoelekezwa vingine husubiri sekunde 90 kabla ya kulazimisha. Sekunde 90 si nyingi, ila mbele ya foleni huonekana kama saa nzima.

Ishara namba 3 ndiyo isiyojulikana na wengi. Hiyo ni ya kuuliza. Programu ya Java ikiipokea haifi. Huandika katika faili ya matukio kila uzi wake wa kazi unafanya nini na unasubiri nini. Swali hilo halina budi kuulizwa mapema, kwa sababu programu ikizimwa, kila kilichokuwa kichwani mwake kinafutika, na ushahidi wa ugonjwa unakwenda pamoja nao.

Asubuhi ile tuliuliza kwanza. Jibu likaonesha nyuzi zote zikisubiri kitu kimoja: nafasi ya kuzungumza na hifadhidata. Ukurasa mmoja wa taarifa ulikuwa ukichukua nafasi hizo bila kuzirudisha, hata zikaisha. Ndipo tukaomba, tukasubiri, tukahakikisha kwamba ile ya zamani imekwisha kutoka kabla ya kuwasha mpya, kwani mbili haziwezi kushika poti 8080 kwa pamoja. Vyeti vikatoka. Baada ya siku chache fundi akaurekebisha ukurasa ule. Kama tungelazimisha tu, seva ingeamka ikiwa na afya ya muda, na kuganda tena Ijumaa nyingine mbele ya wachumba wengine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapendwa, kuwasha upya ni jambo jema, nasi hatulidharau. Wala ishara namba 9 si dhambi: ipo programu isiyosikia tena lolote, na hiyo haina njia nyingine. Shida yetu ni kuanza na lile lililopaswa kuwa la mwisho. Mara ngapi nyumbani mtu akinyamaza tunamfokea asimame, kabla ya kumwuliza anasubiri nini? Mara ngapi katika jumuiya tunambadilisha kiongozi aliyechoka, tukamweka mwingine chini ya mzigo uleule?

Juma hili, penye kilichoganda, tuulize kwanza. Kisha tuombe, na tusubiri zile sekunde 90.

Tunawatakieni juma jema.