Hesabu ya Walioondoka



Mwaka jana kamati ya msikiti wetu hapa Mombasa iliniomba nilitazame darasa la masomo ya ziada waliloanzishiwa wana wetu, niandike kama lafaa au halifai. Watoto hutoka skuli, wakasali Alasiri, kisha wakakaa ukumbini kusoma hesabu, Kiingereza na Kiswahili mpaka karibu na Magharibi. Jumamosi hufundishwa hati za Kiarabu na ushoni. Walioahidi kulisaidia darasa kwa pesa walikuwa wakingojea maneno yangu, nami kwa kuwa nimeshika chaki miaka 30, niliiona kazi hiyo nyepesi.

Nikachukua daftari la mahudhurio na la alama. Watoto waliofika mwisho wa mwaka, karibu wote alama zao zilikuwa zimepanda. Nikaandika kurasa mbili za sifa. Usiku, nilipokuwa nikihesabu majina ili nitie idadi, ndipo nilipogutuka. Mwanzo wa mwaka majina yalikuwa 41, na mwisho yalikuwa 26. Hao 15 walikwenda wapi? Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza.

Asubuhi nikaenda kupiga hodi kwa mama mmoja auzaye mahamri. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona kijana haonekani darasani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, karo nilikuwa nikitoa. Mtoto mwenyewe ndiye hataki. Aliambiwa asome mbele ya wenziwe, akashindwa, wakamcheka. Tena mwalimu akamwambia aende akakae na watoto wadogo."

Nikamwita kijana. Yuko darasa la sita. Nikamjaribu kwa mtindo wa kile kipimo cha Uwezo, ambacho kwa miaka mingi watoto wamepimwa nacho majumbani Kenya, Tanzania na Uganda: kwanza herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi, na yote hayo ni ya kiwango cha darasa la pili. Herufi alizisoma. Maneno aliyasoma kwa taabu. Kwenye aya akakwama, akainama chini. Na sisi ukumbini tulikuwa tukimpa karatasi za mitihani ya darasa la sita!

Hapo nikalifahamu kosa langu. Nilikuwa kama mtu apepetaye mpunga, kisha akapima uliobaki ungoni tu, akasema shamba limezaa vyema. Nikaikumbuka Sura ya Abasa, na kipofu yule aliyekuja kutaka ilimu hali Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Mafunzo yake yanatuhusu sote: ajaye na hamu ya kujua asipuuzwe kwa sababu ya wenye jaha. Nasi tulikuwa tumewakunjia uso wanyonge wetu, tukajisifu kwa wenye nguvu.

Wala si kwamba mtoto aliyebaki nyuma hafundishiki. Huko India, katika miji ya Mumbai na Vadodara, shirika la Pratham liliwatenga watoto wa namna hii kwa saa mbili kila siku ya skuli, wakafundishwa na wasichana wa mitaani mwao waliomaliza sekondari. Wataalamu wakayalinganisha madarasa yaliyopata walimu hao na yasiyopata, tena kwa kura, na mwaka 2007 matokeo yakachapishwa: alama zilipanda, na waliofaidi zaidi ni wale wa chini kabisa. Siri yake ni kumwanzia mtoto pale alipo.

Basi nikazichana zile kurasa mbili, nikaandika upya. Nilipoyasoma mbele ya kamati, mzee mmoja akasema, "Maalim, ukisema hivi wafadhili watakimbia." Nikamjibu kwamba pesa zile ni amana, na amana haiombwi kwa hesabu pungufu.

Mmoja alijitoa kweli. Waliobaki wakakubali watoto wagawanywe kwa kadiri wanavyojua kusoma, si kwa madarasa yao ya skuli, na msichana mmoja wa mtaani akapewa kundi la wasioweza aya. Katika wale 15, tisa wamerudi. Sita hawajarudi mpaka leo, na wawili kati yao wamehama mji. Kijana wa mama wa mahamri sasa anasoma hadithi, ingawa hesabu za kugawanya zingali zikimshinda.

Enyi wazazi wenzangu, mtihani wa KCPE tuliouogopa ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mbio za alama hazikwisha nao, na madarasa ya jioni yangali kila mtaa. Ukiambiwa darasa fulani lafaulisha, usiulize waliofaulu ni wangapi tu. Uliza walioanza ni wangapi, na walioondoka waliondoka kwa nini. Na mwanao akikwambia hataki kurudi, usikimbilie bakora. Keti naye, umpe aya moja fupi akusomee. Huenda ukakijua katika dakika tano kitu ambacho mimi nilikaa mwaka mzima sikukijua.

Wa billahi tawfiq.