Miwani ya Kuzamia na Masharubu ya Mpwa Wetu

Jumamosi iliyopita tuliondoka Msambweni baada ya sala ya alfajiri, sisi, binti yetu na mpwa wetu, na mtungi wa hewa umefungwa kamba nyuma ya gari kama mbuzi wa sikukuu. Mpwa wetu ni mvuvi wa pweza. Ameazimia kujifunza kuzamia kwa mtungi ili apate kuwaongoza wageni katika miamba ya Diani, na kwa azma hiyo alikwisha kununua vifaa vilivyotumika, kwa shilingi 35,000, akiba yake ya kaskazi nzima. Muuzaji alimhakikishia kuwa vyote ni vizima.

Tuliipita Gazi na mikoko yake, tukaiacha njia ya Kaya Kinondo mkono wa kulia, tukaingia Ukunda na kuteremka hadi pwani. Mwalimu wa kuzamia tuliyemwendea hakuutazama mtungi. Alimtazama mpwa wetu usoni.

"Weka miwani bila kupitisha mkanda kichwani. Vuta pumzi kwa pua, kisha uiachilie."

Miwani ikaanguka. Akapewa nyingine, ikashika kidogo, kisha ikalegea kwenye mdomo wa juu. Mpwa wetu akasema kwa uchungu kwamba ndevu zake hanyoi. Mwalimu akacheka. "Ndevu ziache, ndugu yangu. Tatizo ni masharubu." Ukingo wa mpira wa miwani hukaa baina ya pua na mdomo, na nywele za hapo hupitisha maji. Kupunguza masharubu ni sunna, basi hapakuhitajika fatwa, bali mkasi.

Binti yetu naye alipata somo lake. Suti nyepesi ya mpira, ya milimita 3, yatosha katika maji yetu ya vuguvugu, na humsitiri mtu mpaka vifundoni. Kofia nayo ipo. Lakini ukingo wa miwani sharti uguse ngozi tupu, kofia ije juu yake. Upindo wa kitambaa ukiingia chini, maji yataufuata. Miwani ya bwawani haifai kabisa, kwa kuwa haifuniki pua. Mzamiaji hupuliza hewa kidogo kwa pua kila anaposhuka, la sivyo shinikizo la maji huyaumiza macho.

Hatimaye mwalimu akauinamia mtungi. Begani mwake hugongwa tarehe ya mara ya mwisho ulipopimwa, na tarehe tuliyoisoma ilikuwa na umri wa miaka 14. Mtungi wa namna hii hujazwa hadi baa 200, yaani takriban mara 200 ya shinikizo la hewa tunayoivuta barazani. "Mimi siujazi," akasema, "na anayekubali kuujaza, usisimame karibu naye."

Kipumulio kilikuwa na nyufa kwenye mpira wake. La kutisha zaidi lilikuwa geji: haikuwa imefungwa popote, na sindano yake ilisimama kwenye 50. Katika kina cha mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu ya maji; katika mita 30 ni mara nne, na kila pumzi hula hewa mara nne. Huko chini mtu haisikii hewa ikipungua mpaka imekaribia kwisha. Huitegemea sindano, na sindano ile ingemwambia mpwa wetu kuwa hewa ingalipo.

Tulimlaani muuzaji kimoyomoyo. Kisha tukakumbuka kwamba kijana alikuja kututaka ushauri kabla ya kununua, nasi tukamuuliza bei tu.

Mwalimu akamwelekeza anunue kwanza miwani inayomkaa na mapezi yasiyombana vidole. Mtungi, kipumulio na jaketi la hewa akodi pale vinapokaguliwa, mpaka ajue mwenyewe cha kutazama.

Alasiri tuliisali Msikiti wa Kongo, chini ya mibuyu, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Mtungi, baada ya kufunguliwa koki na kumalizwa hewa yote, tuliuacha kwa fundi wa vyuma Ukunda. Mpwa wetu alirudi na miwani mpya mapajani, kwa fedha tulizomkopesha. Hakusema neno mpaka Gazi, alipomgeukia binti yetu na kumwomba mkasi.