Stelingi Hafi

Watu wa rika langu, tuliokulia kwenye majumba ya sinema na vibanda vya video, tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kutupwa mtoni, hata kufungwa kamba juu ya reli. Maadamu yeye ndiye stelingi, tulijua atanyanyuka. Wanaokufa ni maadui, pamoja na yule rafiki wa stelingi aliyekwisha kutuonyesha picha ya mchumba wake. Mtoto aliyeingia kwa kuchelewa hakuuliza hadithi inahusu nini. Aliuliza, "Stelingi nani?" Akishaonyeshwa, alitulia.

Katika mwezi mmoja wa masika tulitazama nyumbani filamu tano za zamani, moja kila Jumamosi. Watazamaji tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu wa kidato cha tatu, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Kwa kuwa hakuna hata moja iliyosemwa kwa Kiswahili, mimi nilikuwa mkalimani, kama wale wa vibandani, ingawa sikuwa na kipaji chao cha kuongeza chumvi.

Tulianza na Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962. Jina lake ni letu na nchi inayoonekana ni yetu, kwani ilipigwa huku Tanganyika, sehemu za Arusha, katika siku za mwisho mwisho za ukoloni. John Wayne na wenzake wanakamata wanyama wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama za ughaibuni. Kifaru anapoligonga gari mwanzoni mwa filamu, moyo unaruka kweli, maana wachezaji wenyewe walikuwa ndani ya magari yale. Kama burudani sina ugomvi nayo. Lakini ina zaidi ya saa mbili na nusu, na katika muda wote huo hakuna Mwafrika hata mmoja ambaye hadithi inamfuata hadi kwake ikajua ana mke, deni au jino linalomuuma. Mtoto wa tembo tulimfahamu vizuri zaidi. Mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, wale wanaoendesha magari wanaitwa nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya Sholay ya mwaka 1975, na hapo sheria yetu ilipata ufa. Mastelingi ni wawili, Jai na Veeru, na Jai, ambaye ni Amitabh Bachchan, anakufa. Kila palipokuwa na uamuzi mgumu alikuwa akirusha sarafu, na ni baada ya kufa kwake rafiki yake anapogundua kwamba sarafu ile ina sura moja pande zote mbili. Jai alikuwa anajichagulia mwenyewe kubaki kwenye hatari. Naye adui, Gabbar Singh, hafi, bali anakabidhiwa kwa polisi. Mwongozaji alikusudia auawe, lakini wakaguzi wa filamu wa India hawakukubali. Kwa maoni yangu, kifo cha Jai ndicho kilichoifanya filamu ile idumu. Mtu akifa kwa hiari yake, mwenye kumtazama hadai kurudishiwa kiingilio.

Mother India, ya Mehboob Khan, ni ya mwaka 1957, na kwa urefu inakaribia saa tatu. Radha, anayechezwa na Nargis, anaingia kwenye ndoa iliyogharimiwa kwa mkopo wa mlanguzi wa kijiji, na riba ya mkopo huo inakula sehemu tatu kati ya nne za mavuno. Mume anapoteza mikono yote miwili, kisha anatoweka. Mafuriko yanakuja. Mtoto wake Birju anakua na hasira, anakuwa jambazi, anamuua mlanguzi na kumteka binti yake. Na mama mwenyewe ndiye anayempiga Birju risasi, kwa sababu heshima ya binti wa kijiji ni heshima yake pia. Nyimbo ni nyingi, na machozi yanamwagwa kwa ndoo. Hata hivyo, mahesabu ya mkopo ule ni ya kweli tupu. Mtu yeyote aliyewahi kuweka dhamana kitu cha ndani kwa mkopo wa mtaani ataufahamu uso wa Radha bila mkalimani.

Jumamosi ya nne tulikwenda Roma. Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, ni filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango baada ya vita, kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili waikomboe iliyo yao. Siku ya kwanza ya kazi inaibiwa. Kuanzia hapo ni baba na mtoto wake, Bruno, wakiisaka mjini kote. Aliyecheza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na hilo linaonekana katika namna anavyolishika koti lake.

Mwishoni Antonio anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa mbele ya mwanawe, na anaachiliwa kwa kuonewa huruma. Bruno anamshika mkono, nao wanapotelea kwenye umati. "Imeisha?" aliuliza mpwa wangu. Nikamwambia imeisha. Alikaa kimya, kisha akasema, "Huyu ni kama bodaboda aliyeibiwa pikipiki ya mkataba." Mhakiki gani angesema zaidi ya hapo? Katika filamu hii stelingi hafi, ila anabaki hai huku mwanawe akiwa amemwona, na sijui kama hilo ni afueni.

Ya tano ilikuwa La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, iliyotoka mwaka 1966. Ni fupi, kama saa moja hivi, na ndiyo niliyoiogopa. Diouana anaajiriwa Dakar kulea watoto wa Wafaransa. Anapopelekwa kwao Antibes, anakuwa mpishi, mfuaji na msafishaji. Alidhani ataiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na chumba cha kulala. Akivaa viatu vyake vya kisigino, anaamriwa avivue. Barua ikija kutoka kwa mama yake, bwana anaisoma kwa sauti, kisha anaanza kuandika majibu kwa niaba yake, bila kumuuliza anataka kusema nini. Diouana anaichana. Mwishowe anajiua ndani ya bafu lile alilokuwa akilisugua.

Pale barua ilipochanwa, binti yetu, ambaye kwa wiki nne alikuwa akitazama huku anachambua mchele, aliweka ungo chini. Filamu ilipokwisha alisema neno moja tu: "Yule hakuwa na mtu wa kumsalimia asubuhi." Kesho yake aliomba ruhusa ya kwenda kwao Singida kumwona mama yake, na safari hii hakusema "mkipenda" wala "nafasi ikipatikana." Alitaja tarehe: 10 Juni. Tarehe hiyo tuliiandika kwenye kalenda ya ukutani, na akaenda.

Wapo watakaosema kwamba filamu ya huzuni haina faida kwa mtu aliyechoka, kwamba shida anazo za kumtosha nyumbani. Sibishani nao, hata mimi zipo jioni ambazo namtaka John Wayne na kifaru wake. Lakini mwezi ule ulinibadilishia swali. Zamani niliuliza stelingi nani, nikatulia. Siku hizi, mtu akipita kwenye filamu akileta chai, natazama kama kamera itamfuata mpaka jikoni. Nyingi hazimfuati. Sembène alimfuata, akakaa naye humo mpaka mwisho, na hiyo ndiyo filamu niliyoikataza kufutwa kwenye flashi.