Njaa ya Februari

Kalenga, mkoani Iringa, ina msimu mmoja wa mvua, na kila aliyelelewa kule anajua Februari inavyouma. Mahindi ya mlimani ndiyo kwanza yanafika kiunoni, ghalani hakuna kitu, na mavuno bado yako mbali. Utotoni mwetu, miaka ya sabini, mwezi huo tulivushwa na vinyungu. Vile vishamba vya bondeni, kandokando ya Ruaha Mdogo, mama zetu walivilima kiangazi udongo ukiwa bado na unyevunyevu, na mwaka ulipogeuka wakawa wanachuma mahindi mabichi, maharage na maboga wakati shamba kubwa halijatoa hata punje. Hata mjane asiye na ng'ombe wala mbuzi alikuwa na matuta yake.

Ninayataja haya kwa sababu nikirudi nyumbani nawasikia wenzangu wa rika langu wakisema vijana wa leo wameharibika: wavivu, wezi, wavuta bangi. Wanasahau mapema mno. Watoto wa wakati wetu waliiba pia. Waliiba miwa, mapera na mahindi ya kuchoma, na wapo walioiba kuku. Tofauti ni kilichofuata. Mwenye kuku alimjua mtoto, akamjua baba yake, na kama baba hayupo akamwendea baba mkubwa. Mtoto alichapwa, kesho yake akapelekwa kwenye shamba la aliyemwibia akapalilie mpaka deni liishe, na jioni akala ugali katika nyumba ileile. Fimbo zile zilikuwa kali kupita kiasi, sizisifu. Lakini hakuna aliyewaza kumtoa yule mtoto kijijini.

Wala serikali ya enzi zile haikuwa laini kwa maskini. Mwaka 1983 ilipokuja Sheria ya Nguvukazi, vijana waliokuwa wakihangaika Dar es Salaam bila kazi walikamatwa kama wazururaji na kurudishwa mikoani. Hawakuwa wameiba, kukosa ajira ndilo lilikuwa kosa lao. Wa kwetu waliporudi, wamenyong'onyea, walikuta mama yupo, kinyungu kipo, na jembe limeegemezwa ukutani. Aliyetaka kuondoka tena aliondoka akiwa ameshiba.

Kisha tukapigwa mara mbili.

Pigo la kwanza lilikuwa UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta karibu watu 16 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, wana virusi. Kwa nchi nzima walikuwa chini ya sita. Tulizika watu wa umri wa kulima, kulea na kukemea. Walibaki bibi na wajukuu. Yule baba mkubwa aliyekuwa akiendewa na mwenye kuku naye tulimzika.

La pili lilikuja polepole, tena kwa nia njema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaojaza bwawa la umeme la Mtera. Mto ukikauka, nchi inapungukiwa umeme. Naielewa hoja hiyo na naiunga mkono. Lakini kinyungu kiliishi ndani ya zile mita 60. Juu yake, udongo hukauka kiangazi, na anayeweza kulima pale ni mwenye pampu. Kwa hiyo mstari ule, ambao ulichorwa kwa ajili ya mto, ukawagawa watu pia. Wenye mitaji, wengi wao wakiwa wa mjini, wakakodi ardhi ya juu, wakalima nyanya za kujaza matenga. Bibi aliyezoea kuvusha Februari kwa mahindi mabichi, sasa wajukuu wake hubeba matenga kwa ujira wa siku, na siku ambayo hakuna tenga hakuna chakula.

Ndiyo maana kijana mmoja wa miaka 15, ambaye nilisoma na babu yake, aliiba pampu. Aliiuza mjini kwa bei ya kutupa. Mwenye mali hakumjua yeye wala ukoo wake, na hakuwa na nyumba ya kuendea kushtaki. Waliomkamata walishaanza kumpiga, na mmoja wao alikuwa akiulizia tairi la kumchomea, ndipo mgambo wakafika. Ninaandika jambo hili mkono ukitetemeka, kwa kuwa Tanzania hii watoto wameuawa hivyo kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfunga gerezani mtoto aliye chini ya miaka 18, na ni sheria nzuri. Ila mahabusu za watoto ni chache nchini, na ya kwetu ya karibu iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Shule ya maadilisho ya Irambo iko hukohuko Mbeya. Bibi wa kijana huyo anapokea fedha za TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, zinanunua daftari na debe la mahindi, na ada ya shule ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016. Misaada hiyo ni ya kweli. Lakini kijana mwenyewe aliacha shule kwa kuona aibu kuketi darasani na njaa, na hapakuwa na mtu mzima mwenye nguvu wa kumfuata kijiweni jioni.

Nimesimama katika mkutano wa kijiji kuomba jambo moja: kaya zinazolea yatima zipewe eneo juu ya mita 60, na pampu moja ya pamoja. Mmoja aliuliza mafuta atanunua nani. Mwingine akasema tutakuwa tunawazawadia wezi. Nikawaambia yatima wengi wa Kalenga hawajaiba kitu, na wanalala njaa vilevile. Mwenyekiti ameliahirisha hadi kikao kijacho. Matuta ya kiangazi yanatakiwa kuchimbwa Juni. Likipita hapo, tunazungumzia Februari ya mwaka mwingine.