Sinema Ndogo

Msomaji mpenzi, nataka kukueleza habari za sinema za namna moja ambazo huenda hujapata kuziona, au umeziona ukazidharau. Hazina magari yanayokimbizana wala majumba yanayolipuka. Hutengenezwa kwa fedha kidogo, na mara nyingi habari yake ni hii tu: kijana mmoja amkaribia mwenzake, na hajui la kumwambia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Mukurweini, katika Kaunti ya Nyeri. Ijumaa moja jioni niliwaonyesha wanafunzi wangu sinema ya aina hiyo. Tulitundika shuka jeupe katika ukuta wa bwalo, tukaazima projekta, tukapanga mabenchi. Wazee wetu hupenda kusimulia habari za gari la sinema lililokuja sokoni zamani, watu wakaketi majanini gizani wakingoja ajabu; nadhani furaha ya wanafunzi wangu haikupungua ile. Lakini walipoona kwamba mahali penyewe ni Kibera, vichochoro na mabati waliyoyazoea katika habari za televisheni, wengine waliguna. Walikuwa wametaraji bunduki.

Sinema hiyo yaitwa Soul Boy, nayo ilitoka mwaka 2010. Aliyeiongoza ni Hawa Essuman wa Kenya, hadithi akaiandika Billy Kahora, na Tom Tykwer, mwongozaji wa sinema wa Ujerumani, akawa msimamizi wa kazi. Huchukua muda wa saa moja tu. Kijana Abila, mwenye umri wa miaka 14, amkuta babaye amelegea, asema kwamba roho yake imeibiwa. Abila amwendea Nyawawa, mwanamke wa kuogofya. (Kwa Wajaluo, nyawawa ni pepo wa usiku, ambao watu huwafukuza kwa kugonga sufuria na milango.) Nyawawa ampa kijana kazi saba za kutimiza ili roho ya babaye irudi. Katika mahangaiko hayo Abila hayuko peke yake. Afuatana na msichana aitwaye Shiku.

Shiku ni kifupi cha Wanjiku, jina la Kikikuyu. Abila ni jina la Kijaluo. Mtu yeyote aliyekuwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008 ajua uzito wa majina hayo mawili yakitajwa pamoja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makao yao, na Kibera palikuwa miongoni mwa mahali palipoungua. Sinema ilikuja miaka miwili baadaye, ikawaweka watoto hawa wawili katika njia moja. Haikuhubiri. Huko Rotterdam, Uholanzi, ilipewa tuzo kwa kura za watazamaji, na mimi sioni ajabu.

Fedha kidogo, msomaji, zina faida yake. Mwongozaji asiyeweza kulipa jeshi la waigizaji wala kujenga mji wa mbao hulazimika kukaa karibu na nyuso za watu alio nao. Kamera yake hungoja. Huona mkono ulioinuliwa ukarudishwa, na jicho lililotazama kando. Katika sinema kubwa wapendanao hukutana, hutazamana mara moja, na kabla hujatafuna njugu zako wamekwisha kumbatiana. Kwa maoni yangu huo ni uongo, tena uongo unaowadhuru vijana, kwa kuwa huwafanya wadhani kwamba wao peke yao ndio waoga.

Taa zilipowashwa, mvulana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono. “Mwalimu,” akasema, “yule msichana alimpenda, au alimsaidia tu?”

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, wala sikuweza kumjibu.

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha tatu. Kwa jirani yetu palipangwa na mtumishi mmoja wa serikali aliyetoka upande wa Kisumu, naye alikuwa na binti wa umri wangu. Asubuhi tulishuka njia moja kati ya mikahawa, yeye mbele, mimi nyuma, kwa miezi mingi bila neno. Siku moja alisimama, akaniuliza kwa nini nilikuwa nikisema Kiswahili kama mtu anayekwepa matope. Nikacheka. Tangu siku ile tulitembea sambamba, naye akaniazima kamusi yake.

Januari jamaa ile ilihama. Hakuna aliyewagusa, walihama kwa hofu, na hofu yao ilikuwa na haki. Niliwaona wakipakia vyombo katika lori. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mikahawa, kamusi mkononi. Hatua ishirini zilitosha. Lakini palikuwa na majirani wakitazama, na baadhi yao walikuwa wamesema maneno ambayo sitayaandika hapa, nikaogopa kuonekana. Lori likaondoka. Aligeuka mara moja kutazama upande wa njia yetu, au labda alitazama nyumba tu.

Kwa hiyo sinema za namna hii hunishika mahali pasipo na dawa. Judy Kibinge alitoa Something Necessary mwaka 2013. Mwanamke aitwaye Anne amempoteza mumewe katika ghasia zile zile, na kijana Joseph, aliyekuwa katika kundi la washambulizi, azungukazunguka karibu na maisha yake akitafuta njia ya kutengeneza alichoharibu. Ni vigumu kuitazama. Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, ni nyepesi zaidi kwa macho, ingawa watu wake ni marehemu: Kaleche ajikuta mahali asipopajua, hana kumbukumbu, naye Thoma humweleza taratibu kwamba amekufa. Hata huko, ajabu, watu wawili huanza kwa kuoneana haya.

Jumatatu nilikwenda darasani na ile kamusi. Niliwaeleza habari yake kama nilivyokueleza wewe, nikaipitisha mikononi mwao, nao wakalisoma jina lililoandikwa kwa wino katika ukurasa wa kwanza. Mvulana yule hakuridhika. Aliuliza tena swali lake, na safari hii akalijumlisha pamoja na binti wa kamusi.

Msichana aliyeketi karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hasemi, alimjibu bila kugeuka: “Hata yeye alikuwa hajajua bado. Angejuaje, na hamkumngoja?”

Kengele ikalia. Kamusi ilirudi mezani kwangu ya mwisho, baada ya madaftari yote.